Agustino Bado Yupo Hewani

Jumapili, 8 Juni 2025

Pentekoste. Baridi ya kukata masikio. Kanisani watu wamejifunga mablanketi mpaka puani, kama magunia ya viazi. Baada ya ibada Methusela, mwalimu wa kwaya, akanivuta pembeni. Kamwene mama, akanisalimia, hongera. Hongera ya nini? Akatoa simu. Eti mwanao amepata kazi.

Mwanangu gani? Ninaye mmoja tu, Agustino, na tulimzika mwezi wa tatu hapa hapa Yakobi, Methusela mwenyewe akiimbisha! Nikamuuliza umelewa, na leo Pentekoste?

Hakulewa. Kuna mahali kwenye mtandao panaitwa Kilinge. Wasanii wote wamo humo: waigizaji, wachoraji, watu wa kwaya. Wanasoma habari zao, wanatafuta kazi. (Jina gani hilo! Kilinge ni cha waganga.) Na kwenye habari za leo: Agustino wa Njombe amechaguliwa kuigiza sauti katika mchezo wa redio. Na picha yake. Shati la bluu, nililipiga pasi mimi. Pembeni ya jina kitone cha kijani. Methusela akashusha sauti. Mama, hicho kitone maana yake mtu yupo hewani. Sasa hivi.

Sikula mchana.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwita Methusela aje na simu yake. Nilitaka kuona vizuri, si kwa kuchungulia mlangoni mwa kanisa.

Akabonyeza mahali — Agustino akasema! Ndiyo sampuli, kasema Methusela, wenye kazi wasikie mtu anaweza nini. Kwanza akaongea kama mtangazaji. Kisha kama mtoto anayelia. Kisha bibi kizee anagombeza: “Nyie! Nani kaacha mlango wazi? Mnataka tuipashe moto Njombe nzima?”

Huyo ni mimi! Kaniiga mpaka kikohozi. Methusela akacheka, akauona uso wangu, akaacha.

Kijana yuko chini ya udongo, anagombeza kwa sauti yangu, na watu wa Dar wanasikiliza. Jioni kuku waliingia ndani. Nikafungua mdomo niwafukuze — nikaufunga. Niliogopa atakayesema ni nani.

Jumanne, 10 Juni

Nimewaza. Simu ya Agustino anayo nani? Nelly. Binti yake.

Siku ya kumaliza matanga ukoo uligawa vitu. Koti likaenda kwa Edward, mdogo wa marehemu mume wangu. Simu kwa Nelly. Na jina pia, maana kwetu jina la marehemu haliachwi chini, anakabidhiwa mtu. Mzee Nathanieli, mkubwa wa ukoo, akamwekea mkono kichwani: kuanzia leo wewe ndiye Agustino. Watu wote wakamsalimia kwa jina hilo.

Mimi sikumsalimia. Nilijifanya nakuna nazi, na nazi yenyewe haikuwepo.

Kesho Makambako.

Jumatano, 11 Juni

Makambako vumbi na upepo, kama kawaida yake. Nelly yuko kwenye duka la vitenge la Zamda, karibu na stendi. Nilimsema mbele ya wateja, sikungoja watoke.

Wewe mtoto, unamgeuza baba yako mzimu?

— Bibi, mlinipa simu. Mlinipa na jina, ukoo mzima mmekaa. Watu wakaandika, Agustino upo? Nikajibu nipo. Ningejibu nini?

— Ungesema amekufa!

— Mlisema mimi ndiye yeye.

Nikaanza kukunja vitenge vya watu. Mimi! Mteja mmoja akarudisha kitenge taratibu, akaondoka.

Zamda akaniletea kigoda na chai ya tangawizi. Akasema mama, tulia, usije ukaniangukia hapa nikaitwa polisi. Huyu mtoto ni fundi wa kuigiza, wateja wangu wananunua huku wanacheka. Ila tukifunga duka anaiwasha ile sauti ya baba yake. Anaijibu. Mimi namwachia tu, namwombea.

Nelly akaeleza yote. Ameomba kazi Kilinge kwa jina lake mpaka amechoka, hajajibiwa hata salamu. Kwa jina la baba yake walijibu siku hiyo hiyo. Anataka afike studio Iringa, asimame mbele yao, ndipo aseme baba hayupo, nisikilizeni mimi. Wakishamsikia hawatamrudisha, anasema.

Waambie sasa basi.

Hapo akalia. Akiandika amefariki, akaunti inafungwa, na kazi imekwenda. Nikamwambia sauti si unayo? Akasema ninayo bibi, nimeirekodi kwingine. Lakini hiyo ni ya kumbukumbu. Pale Kilinge bado anatafutwa. Bado kuna watu wanamhitaji.

Chai ilipoa.

Kisha akatoa lingine, la mwisho, kama mtu anayetema mfupa. Kabla ya mkataba, Kilinge humpigia mdhamini. Agustino alimwandika mdhamini wake zamani. Ni mimi. Namba yangu. Watapiga Ijumaa.

Alhamisi, 12 Juni

Nelly amekuja Yakobi. Tumekwenda kwa mzee Nathanieli. Akajikuna sana. Akasema ukoo ulipompa jina haukuwaza habari za mtandao. Nikamwambia basi ungewaza! Akaniambia wewe ni mama yake, utajua cha kuwaambia. Wanaume hawa.

Sijasema uongo tangu kipaimara. Watu wote wanajua. Nawagombeza wenzangu kwa hilo hilo.

Nelly amenionyesha simu yake. Kitone bado cha kijani. Nikamwambia kizime. Akasema kinazimika mtu akitoka. Nikamwambia basi kiache.

Ijumaa, 13 Juni

Wamepiga. Mwanamke, sauti laini, Kiswahili cha ofisini. Shikamoo mama, napiga kutoka Kilinge, wewe ndiye mdhamini wa Agustino? Nikasema mimi ndiye mama yake, huo udhamini wenu siujui. Akacheka. Akasema ile sauti ya bibi mkali wanaipenda mno ofisini, wakichoka wanaiwasha.

Nyie!

Kisha akasema, tunahakikisha tu mama. Agustino yupo? Ataweza kufika Iringa Jumatatu?

Nelly alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la mkaa, anapuliza. Akaacha kupuliza. Hakunitazama.

Neno nilikuwa nalo. Amefariki. Nimelisema kwa mchungaji, kwa mtendaji, kwa wajomba wa Matamba waliofika msiba umeshaisha. Nimelisema bila machozi, watu wakanisifu.

Nikasema: ngoja nimuulize.

Yule mwanamke akasema sawa mama, muulize, nitapiga tena baadaye kidogo. Akakata.

Simu iko hapa mezani. Mkaa umeshika. Nelly amesogea, anauliza taratibu, bibi, utamuulizia wapi?

Nimemwambia anyamaze kwanza. Nasikiliza.