Bulo ya Shemeki Placide

Jumatatu, 8 Juni

Wananchi wote wa Kabondo, na ninyi wa ng'ambo kule Lubunga mnaosikia kwa shida: inatangazwa rasmi kwamba asubuhi ya leo, mbele ya muuza ndizi za makemba, gari la Papa Anselme limezimika. Serikali haijaanguka. Mto bado unapita. Wapita njia wamesukuma, gari limeguna, limewaka, limezimika tena penye kona. Tuombe.

Papa Anselme ni mimi, na fundi wa magari ni mimi. Inabidi nijikumbushe, maana ukilitazama gari langu huwezi kukisia.

Likiwa baridi linaimba. Likipata moto, ralanti, ule mwendo wa bila kukanyaga gesi, inalishinda: ukiondoa tu mguu kwenye gesi linatetemeka kama mgonjwa wa malaria, halafu kimya. Na Jumamosi binti yangu Nadine anaolewa. Nitampeleka kanisani mimi, kwa gari hili. Nilimwahidi wakati hana meno ya mbele. Msafara wa arusi unatembea polepole kuliko wa mazishi. Yaani ralanti tupu, kutoka nyumbani hadi altare.

Jumanne, 9 Juni

Placide, kaka wa mke wangu, amekuja kutazama. Hakualikwa. Naye ni fundi. Ana garaji yenye bati jipya, na jeep nyeupe anayoiosha kuliko anavyoosha watoto wake. Kabla hajashika kitu: "Shemeki, ile matiyo yote toa. Kila tundu, tia bulo. Bon. Gari itapona."

Hiyo ndiyo elimu yake yote. Gari linatoka kiwandani na tiyo zake nyembamba, mipira ile inayotumia mvuto wa hewa wa motere kufungua valvu na kurudisha moshi kidogo ndani, ili moto usizidi na mji upumue. Placide anazing'oa, anaziba matundu kwa bulo, bolti ya chuma, anaita "kurahisisha." Nusu ya magari ya hapa ameyarahisisha. Unayajua kwa harufu kabla hayajafika.

Mtu aliyeweka tiyo pale alikuwa na sababu. Placide ana bulo. Namdharau.

Nimemwambia kwa adabu kwamba mimi hutafuta ugonjwa kwanza. Amecheka. "Tafuta, papa. Arusi iko samedi."

Jumatano, 10 Juni

Nimepima. Kipimo changu ni mdomo. Pampu ya mkono, ile yenye saa ya kuonyesha mvuto, anayo Placide, ndani ya sanduku, na nailoni yake haijatolewa bado. Anawaonyesha wateja. Mimi nafanya nilivyofundishwa: unavuta hewa kwenye tiyo, unaziba kwa ncha ya ulimi, unangoja. Ulimi ukishikwa na kubaki umeshikwa, ngozi ya valvu ni nzima. Ukiachiliwa, imepasuka.

Valvu ya kurudisha moshi: ulimi umeshikwa. Nzima. Swichi ya joto, inayofunga njia ya hewa motere ikiwa baridi: ndani ya maji ya baridi imefunga, ndani ya maji ya moto imefungua. Nzima. (Nimeichemsha kwenye sufuria ya mke wangu ya kupikia pondu. Kesi hiyo bado inasikilizwa.) Tiyo moja moja: hakuna iliyopasuka.

Wagonjwa wote wazima. Maiti moja.

Midomo imekuwa myeusi. Mezani mke wangu amekataa kunitazama. "Papa Nadine, unafanana mutu alibusu chungu."

Alhamisi, 11 Juni

Mvua kutwa. Wakwe wamefika kutoka Yanonge wakiwa wamelowa, na samaki wazuri. Mama mkwe wa Nadine amesema, kwa upole wote, kwamba jeep nyeupe ingependeza sana na maua. Placide akatazama juu kama mtakatifu kwenye picha. Nadine alitazama mikono yangu.

Niliona aibu. Basi.

Ijumaa, 12 Juni

Ushindi! Nimefungua ile valvu ya moshi, nimekwangua masizi hadi inang'aa, nimerudisha. Nimetoka na gari hadi barabara ya Masako na kurudi, mbio, jua kali, motere moto kabisa. Halikuzimika hata mara moja.

Nimetangazia nyumba nzima. Nimefunga utepe na maua. Nimewaeleza wakwe habari za valvu kwa urefu ambao hawakuuomba, na baba mkwe amelala kwenye kiti akiwa ameshika glasi.

Placide amepita, amezunguka gari, mikono nyuma. "Umepima ralanti?"

Nikamwambia aende akaoshe jeep.

Jumamosi, 13 Juni

Arusi imefungwa. Nadine alilia kidogo. Mimi nililia sana, hadi katekista akaniletea maji. Njiani gari lilizimika. Petroli mbaya. Miguu inauma, wamenichezesha kama kijana.

Jumapili, 14 Juni

Haikuwa petroli.

Nyumba imetulia. Wakwe wamepanda pirogue, wamerudi kwao kwa mto. Niandike ilivyokuwa, maana hapa hakuna wa kunipigia makofi.

Barabara ya Masako ni wazi. Juzi sikuondoa mguu kwenye gesi tangu kutoka hadi kurudi, na sikujiuliza kwa nini. Nadhani sikutaka kujua. Jana tulipofika mzunguko wa barabara, msafara wote nyuma unapiga honi, pikipiki pande zote, nikaondoa mguu. Kimya.

Nadine alikuwa nyuma, shela imejaa hadi dirishani. Shangazi zake wakaja mbio kumhamisha kwenye jeep. Mmoja alikwisha kushika mlango. Nadine akapandisha kioo, akaacha upenyo mdogo wa kusemea. "Ni papa atanipeleka. Tutangojea."

Nikashuka. Sikujua nianzie wapi. Mbele ya watu wote hao, fundi mzima, sikujua.

Placide akaja na suti yake. Akafungua kapo, kifuniko cha motere, kabla yangu. Akachomoa tiyo kwenye valvu ya moshi, akaingiza kidole mfukoni, akatoa bulo. Mtu amekuja arusini na bulo mfukoni, ya kipimo kile kile. Akaziba tiyo. Sikumzuia. Nikawasha. Gari likatulia kwenye ralanti kama paka kwenye majivu.

"Petroli mubaya!" akawapigia kelele shangazi zake Nadine. "Donc sasa wanatuuzia maji! Pandeni!" Akafunga kapo.

Nikamfikisha binti yangu kwenye mlango wa kanisa, polepole, nikiondoa mguu kila nilipopenda.

Leo baada ya misa nimefungua kapo na hasira ya kuing'oa ile bulo. Motere ilikuwa moto, inazunguka kwa ralanti. Nimeitoa, na kwa mazoea nikaweka ulimi kwenye tiyo.

Ulimi ukashikwa.

Haitakiwi. Kwenye ralanti tiyo hiyo haitakiwi kuvuta chochote. Nikaifuata hadi inapoanzia. Kwenye karbiratere kuna vitundu viwili, jirani kabisa: kimoja kinavuta wakati wote, kingine kinavuta ukikanyaga gesi tu. Tiyo ilikuwa kwenye kile cha wakati wote. Kwa hiyo motere ikipata moto, swichi inafungua njia, valvu inafunguka kwenye ralanti, motere inameza moshi wake yenyewe na kufa. Aliyesafisha karbiratere hiyo mwezi uliopita na kurudisha tiyo ni mimi. Wiki nzima nimelamba kila kitu ndani ya gari lile, isipokuwa kazi yangu mwenyewe.

Nimehamisha tiyo. Upana wa kidole. Gari limetulia, bila bulo, na nimekaa ndani yake muda mrefu nikilisikiliza.

Kisha nimempelekea Placide bulo yake. Alikuwa anaosha jeep, ndiyo. Nikamweleza yote, hata vitundu viwili. Nikangoja acheke.

Hakucheka. Akaifuta ile bulo kwenye suruali, akairudisha mfukoni. "Ungeniomba pampu, shemeki."

"Ungeitoa kwenye nailoni?"

Akafikiri kidogo. "Hapana."

Dawa yake bado si dawa, na kesho, siku ya kazi, nitamdharau tena. Akanirushia kitambaa kilicholowa. Nikaanza na upande wa kushoto wa jeep.