Kasula Yako Imevaliwa

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumatatu, 6 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utaitikia hata ukiwa peke yako, mazoea yana tabu. U hali gani huko uliko? Kile kifua kimepona? Sisi ni wazima. Mama magoti yanamsumbua kanisani, na bado hataki kukaa kama wazee wenzake. Mimi siumwi, ila nimekufa ganzi. Nakula, nashona, nasali, nalala, na hakuna kinachoniingia. Huenda ni uchovu.

Uniwie radhi kwa kuchelewa kujibu. Barua yako ya kusema umeacha seminari ina miezi minane ndani ya droo ya cherehani, chini ya vifungo. Uliniomba nimwambie Mama, kwamba wewe huna uso wa kumtazama. Nilijaribu mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anachambua maharage na anaimba, mara ya pili aliumwa, mara ya tatu nilikuwa mwoga tu.

Kimya changu kikazaa mambo. Kina mama wa parokia walikuwa wameshaamua kukushonea kasula, lile vazi la juu la Misa, ya siku utakayopewa upadri. Kazi akapewa nani? Dada wa Padri Mdogo, kama wanavyokuita! Kila jumuiya ilileta uzi wake wa kutarizi. Kila Jumamosi walikuja kukaa hapa kunitazama, Mama akiwamiminia chai na kuwasimulia habari za masomo yako, ambazo mimi ndiye niliyekuwa nazitunga. Ndiyo, nilizitunga. Ulifanya vizuri sana katika teolojia, hongera.

Wakati wote huo sikuhisi kitu. Sindano inaingia, sindano inatoka. Ni nguo nzuri kuliko zote nilizowahi kushona, na hilo linanitia aibu.

Wiki iliyopita mwenyekiti wa halmashauri ya parokia akatangaza kwamba watamwandikia mkuu wa seminari kuuliza tarehe. Nikaona basi, la kuvunda halina ubani. Ijumaa niliibeba kasula hadi ofisini kwa Baba Paroko, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema, "Mwambie mama yako wewe mwenyewe, asije akasikia kwa mtu. Hii iache hapa, haitaguswa." Akaitundika kabatini, sakristia, chumba cha mavazi ya Misa. Nikaahidi kumwambia Mama Jumapili, baada ya Misa, akiwa ametulia na ameshapokea Komunyo.

Sasa, msakristia wetu, yule fundi viatu tunayemwita Mzee Haraka, hakuambiwa kitu. Bado tuko kipindi cha Pasaka, rangi ni nyeupe. Kafungua kabati, kakuta nyeupe mpya, kamwandalia padri msaidizi, ambaye ana wiki mbili tu hapa na hajui habari za mtu.

Maandamano yakaanza kuingia. Mimi na Mama tulikuwa benchi la tatu. Niliiona kazi yangu kabla sijaona sura ya aliyeivaa. Kina mama wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, kumtazama Mama. Padri akapita, mfupi kuliko wewe, pindo likikaribia kugusa sakafu. Mama alikuwa anaimba, na hakuacha. Alimaliza beti zote, akaitikia yote, akaenda kupokea kwa padri huyohuyo, na "Amina" yake niliisikia nikiwa nyuma yake. Mimi nilikuwa natazama pindo, nafikiria kulipunguza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, mdogo wangu. Dada yako alikuwa anawaza pindo.

Nje, kina mama hawakujua waanzie wapi. Mwenyekiti wao akamshika Mama mkono, akasema, "Alhamisi tutakuona jumuiyani?"

"Mtaniona," Mama akasema. "Kwani nimehama?"

Njiani alitangulia. Nilimweleza nikitembea nyuma yake, mbele za watu wanaouza na kununua: barua, miezi minane, uongo wa teolojia, vyote. Hakugeuka hata mara moja. Tulipofika alivua viatu, akakaa kwenye kiti changu cha kushonea, na nilijua sasa nitaipata. Akaniuliza swali moja tu: "Huko aliko, nani anampikia?"

Miezi minane nimekutungia mitihani, walimu, hata rafiki wa chumbani, na hilo sikuwahi kujiuliza. Nilifungua mdomo nitunge, ikashindikana. Ndipo nikalia, kwa mara ya kwanza tangu barua yako ifike.

Mjomba anakusalimu, ingawa amekasirika na atakuambia mwenyewe. Shangazi mkunga anasema kazi ni kazi, ufanye yoyote ya halali. Baba Paroko anasema mlango wa kanisa haukujengwa kwa ajili ya mapadri tu.

Mungu akulinde unapolala na unapoamka, akupe watu wema huko. Mama nimemsomea barua hii yote. Anasema haina maana, kwa sababu imeandikwa na mimi. Swali lake amelielekeza kwako, na jibu analitaka kwa mwandiko wako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata siku nisizohisi kitu.