Soksi na Kiti cha Baba Evelyn

Mpendwa Bi Sabaha,

Shikamoo, maana kwa unavyowakaripia watu humo gazetini nadhani umenizidi umri. Naomba unisaidie, nina mtoto wa mbwa amenishinda, na usicheke, kwa sababu nimeshachekwa vya kutosha na wenzangu wa dukani.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, kwetu Kilimanjaro, nauza vitenge na mashuka kwa jumla hapa Kariakoo na tunaishi ghorofa ya pili juu ya duka letu. Mume wangu Tarsis alifariki mwezi wa kumi kwa homa ya siku nne tu, akaniachia binti mmoja, Evelyn, ana miaka kumi, na huyo mbwa, tunamwita Soksi kwa sababu miguu yake yote minne ni myeupe, alimleta mwenyewe ndani ya boksi la sabuni miezi miwili kabla hajatutoka, eti akikua atalinda stoo. Sasa, mambo yalipofunguka na watu wakaanza kwenda Dubai kuchukua mizigo, marehemu alileta seti ya makochi, ya kwanza katika jengo letu, nami nikapiga marufuku mtu kuyatoa nailoni, ila yeye kiti chake alikichana nailoni kwa wembe, akasema hawezi kuoga jasho kwenye kiti alichokinunua mwenyewe. Ni hicho hicho kimoja anachopanda mbwa, mengine hayagusi. Nimemchapa kwa kandambili, nimepaka pilipili, nimekilaza kiti kifudifudi, lakini nikirudi kutoka dukani nakuta kiti kimesimama na mbwa yuko juu amejikunja, kitambaa kimeanza kuchanika kwa kucha zake, na nikikiona kinachanika naumia mpaka najishangaa. Ni kweli marehemu alikuwa akimpakata hapo, lakini ilikuwa Jumapili tu baada ya misa, wakisikiliza redio, tena alikuwa anatandika kwanza taulo la kijani.

Siku ya kusafirisha mwili kwenda Moshi iliangukia siku moja kabla ya mtihani wa darasa la nne, mashemeji wakasema mtoto asipoteze mtihani, baba yake mwenyewe alikuwa mtu wa shule, nami nikakubali, nikamwachia jirani yangu Jasvanti wa ghorofa ya kwanza, basi la kukodi likaondoka Evelyn akiwa shuleni. Jasvanti alinieleza baadaye kwamba siku ile mtoto alimuuliza mara tatu kama basi limeshafika Moshi. Tuliporudi, makochi yalikuwa bado koridoni kama yalivyotolewa ili waombolezaji wakae kwenye mikeka, tukayarudisha ndani, na kile kiti sikumruhusu mtu kukikalia, hata mtoto.

Sasa Jumanne iliyopita nilipanda juu mchana kuchukua funguo, nikamkuta Evelyn yuko na sare ya shule, amekaa sakafuni, mbwa yuko juu ya kiti, na mtoto anamwambia, "Kaa hapo, Soksi. Mimi na wewe ndio hatukupelekwa." Nilirudi chini bila funguo, nikalia nyuma ya marobota ya vitenge kama ninavyolia siku zote ili asinione. Jioni nikamwambia kuna mzee Anaeli wa Magomeni anataka mbwa, nitampa Soksi kabla ya Krismasi. Akaniangalia, akasema, "Na yeye mtampeleka nikiwa shule?"

Tangu siku hiyo hajanisemesha. Akiwa na shida anamtuma Jasvanti. Krismasi wenzetu wote wanaenda nyumbani, mimi nimepanga tubaki, sina nguvu ya kuliona lile kaburi. Naomba uniambie nifanyeje mbwa huyu ashuke kwenye kiti.

Mama Evelyn, Kariakoo

Mama Evelyn,

Marahaba, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na leso mkononi.

Tuanze na mbwa, kwa kuwa ndiye uliyemuulizia, na ndiye asiye na kosa. Mwenye kiti alimpakata hapo kila Jumapili. Amefundishwa, mama. Kisha aliyemfundisha hakurudi, na wewe unamchapa kandambili kwa kuwa ameshika somo. Halafu niambie, kochi ulilolilaza kifudifudi, mbwa wa miezi mitano alilisimamisha kwa mikono ipi? Ulijua ni nani. Ulijua hata kabla ya kufuata hizo funguo.

Futa pilipili. Litandike lile taulo la kijani sakafuni, ubavuni mwa kiti. Akipanda usipige kelele, mbebe umweke kwenye taulo, akitulia mpe kipande cha chapati. Fanyeni hivyo wote wawili, kila mara, siyo leo amekatazwa kesho ameachiwa. Baada ya wiki chache atazoea.

Sasa zamu yako. Mtihani wa darasa la nne mtoto akiukosa anarudia mwakani. Maziko ya baba hayarudiwi. Mashemeji walisema, nawe ulikuwa umechoka kwa kilio, hilo sikulaumu sana. Nakulaumu kwa kimya cha baada ya hapo. Watu wazima mlitupia udongo mkarudi mmeaga, yeye akabakiwa na kiti, na kiti nacho ukamkataza. Unajificha nyuma ya marobota ili asikuone, matokeo yake anaamini ni yeye na mbwa tu wanaomlilia Tarsis. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na chako kinakuumbua kwa kandambili.

Leo hii mpelekee ujumbe huyo mzee wa Magomeni atafute mbwa mwingine, na useme Evelyn akisikia. Vua nailoni makochi yote, mwambie mtoto akikalie kiti cha baba yake. Kikichanika, mafundi wa makochi wamejaa hapo hapo mtaani kwenu. Halafu kata tiketi mbili za Moshi mapema, kabla Wachagga wenzako hawajayamaliza mabasi. Huna nguvu ya kuliona kaburi? Yeye hajaliona hata mara moja. Mfikishe, ashike udongo kwa mkono wake, aseme aliyonayo, nawe ulie palepale mbele yake.

Soksi hatapanda basi, atabaki kwa Jasvanti. Lakini safari hii Evelyn ampeleke mwenyewe, amwambie mnakwenda wapi na mtarudi lini, ndipo muondoke.

Bi Sabaha