Faili za "Pole"

Alhamisi, Busia

Na bado anacheka! Barasa, kiongozi wa bendi yetu, amefungua kompyuta yangu bila ruhusa na kufuta faili zote nilizoziita "Pole".

Ngoma ya babu kule Bukhayo niliirekodi ikipigwa polepole, kiasi, na kwa nguvu. Nikazipanga sauti hizo tabaka juu ya tabaka, ili drumu zetu za umeme zimjibu mpigaji kulingana na mkono wake. Sasa ukizigusa taratibu, kimya. Ukizidisha kidogo tu, zinabweka kama mbwa.

"Umefuta kwa nini?"

"Boss, Jumamosi tuna harusi Matayos. Ngoma za pole si ni za matanga?"

Matanga! Mtu mzima na ndevu zake!

Siwezi kurekodi tena. Ngozi ya ile ngoma ilishapasuka, na aliyejua kuiwamba ni babu, naye tulishamzika. Nilitamani kumpasua Barasa kwa kibodi. Huyu mtu simtaki tena karibu na...

Alipoona sicheki, akanishika bega, akashusha sauti kama amefika msibani. "Pole," akasema.

Hiyo ndiyo pole pekee aliyoniachia.