Nilimfanyia Mama Mtihani Wake wa Hesabu

Shangazi Anastasia,

Zimebaki wiki tatu masomo yaanze na sina mwingine wa kumwambia jambo hili. Nina miaka kumi na tisa, naishi mji wa Crystal, huku ughaibuni, na mama yangu na mdogo wangu wa kiume, na tangu tuje kutoka Nyeri miaka saba iliyopita mimi ndiye ninayejaza fomu zote za nyumba hii, za bima, za shule, za leseni ya gari, mama akiwa jikoni ananiambia, "Jaza na hiyo, nitakuja kusaini," nami najaza bila hata kumuuliza, kwa kuwa tarehe zake nazijua kuliko anavyozijua mwenyewe.

Mwaka huu tumekubaliwa chuo kimoja, mimi na yeye, wote wawili wanafunzi wapya, kwani kwa miaka sita amekuwa akiwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kule Apple Valley na sasa anataka kuwa nesi, basi nilipomaliza fomu zangu za mtandaoni nikaingia zake, na katikati ukatokea mtihani wa hesabu, ule wa kupima mwanafunzi aanzie darasa lipi, nikamtazama akikunja sare zake, nikawaza atakavyohangaika na sehemu na desimali na kupelekwa darasa la chini kabisa, nikaona aibu, Shangazi, sijui kama ilikuwa aibu yake au yangu, nikaufanya mwenyewe, maswali ishirini, na chai yangu haikuwa imepoa.

Majibu yalikuja siku hiyo hiyo. Aljebra ya chuo, sawa na mimi. Mama akauliza, "Wamejuaje kiwango changu na hakuna aliyeniuliza kitu?" Nikamwambia walitazama cheti chake cha kidato cha nne. Kwenye cheti hicho hesabu ni D, na maisha yangu yote nimemsikia akisema yeye na hesabu walikosana zamani. Akasema, "Kwa hivyo Mwalimu Gitonga alinionea tu aliposema sina kichwa cha hesabu." Jumapili akawasimulia akina mama kanisani, na Mama Keziah akamwambia, "Haya, sasa tukikugawia chapati tuhesabu vizuri, kuna profesa hapa," na mama akacheka mpaka akafuta macho.

Siku ya kupanga ratiba alivuta kiti karibu na changu. "Niweke darasa lako, hilo la saa mbili asubuhi. Nitakaa nyuma nisikuaibishe." Nikamweka.

Sasa amenunua kitabu na daftari la miraba, na kila akipata nafasi anafungua ukurasa wa kwanza, na hajauvuka. Jana aliniuliza kwa sauti ya chini, mdogo wangu asisikie, "Hii x wameitoa wapi?" Nikinyamaza ataanguka kozi hiyo na unesi utamponyoka, na nikisema nitamnyang'anya kitu ambacho sijawahi kumwona nacho. Nimefikiria kumfundisha kila siku kwa wiki hizi tatu, asijue kamwe. Je, nitakuwa nimekosea?

Mjaza Fomu, Crystal

*

Mjaza Fomu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikakasirika kidogo, kwa hiyo vumilia.

Ulianza kubeba karatasi za nyumba nzima ukiwa na miaka kumi na miwili, na mtoto wa namna hiyo huzoea kuamua mambo ya wakubwa. Hilo sikulaumu. Lakini fomu inauliza mama alizaliwa lini, na hilo unaweza kumjibia. Mtihani ule uliuliza anajua nini, nawe hukujua. Ulimkisia chini, ukamwandika juu.

Halafu uliuchukulia kama mtihani wa kwetu nyumbani, wa kufaulu au kuaibika. Ule haumfaulishi mtu wala haumwangushi. Ni kupimwa mguu kabla ya kununua kiatu, na wewe umemnunulia mama yako kiatu cha mguu wako.

Kumfundisha kwa siri, hapana. Hapo utakuwa unamjazia tena.

Unaogopa kumnyang'anya kitu. Ulichompa kilikuwa chako. Chake ni hiki: mwanamke anayetoka kazini amechoka, anafungua ukurasa ule ule uliomshinda jana, na anauliza x imetoka wapi. Sisi wengine tuliikariri tu, hatukuthubutu kuuliza.

Mwambie leo, akishakula, mkiwa wawili. Anza hivi: "Mama, ule mtihani niliufanya mimi, na habari ya cheti niliitunga." Usitangulize kwamba ulitaka kumsaidia. Atanyamaza. Kimya hicho usikijaze. Akikukasirikia siku mbili, pika, osha vyombo, ngoja.

Akiwa tayari, nendeni wote kwa mshauri wa masomo wa chuo, na msemaji uwe wewe, kwa sababu majibu yako yamekaa chini ya jina lake. Ombeni aruhusiwe kufanya mtihani wake. Sijui chuo chenu kitasema nini, huenda ukaandikiwa barua ya onyo. Ipokee. Kusema kabla ya darasa la kwanza si sawa na kugunduliwa katikati ya muhula. Akipangiwa sehemu na desimali, aanze na sehemu na desimali, na saa za darasa achague mwenyewe, zinazopatana na zamu zake. Unesi utachelewa muhula mmoja au miwili. Amewasubiri wengine muda mrefu kuliko huo.

Siku ya mtihani mpeleke kwa gari mpaka mlangoni, kisha ubaki nje. Akitoka, usimuulize amepata ngapi. Ngoja akwambie mwenyewe.

Shangazi Anastasia