Chaneli ya Pili

Kwa Mathias,
Kibaha.
Jumapili, baada ya swala ya adhuhuri.

Kaka yangu mpenzi Latifu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko Mbeya, wewe, wifi na watoto. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, isipokuwa magoti ya mama bado yanamsumbua, na mvua za mwaka huu zimeikata barabara ya Vihingo mahali pengi. Mananasi yamekubali. Mihogo nguruwe pori wamekula nusu, nusu wametuachia.

Najua utashangaa kupewa karatasi na kondakta wa basi wakati kila mtu ana simu. Nimefanya makusudi. Wewe simu unaipokea ukiwa kwenye usukani, na maneno niliyonayo hayafai kusikilizwa na mtu anayeendesha tela. Tafadhali tafuta pa kukaa kwanza.

Mara ya mwisho tulipozungumza uliniagiza nimchunguze baba. Ulisema madereva wenzako wamekunong'oneza kwamba Fuso letu linatoka Vihingo likiongozwa na gari jingine kwa redio, na kwamba gari linalotembea namna hiyo halibebi mananasi matupu. Ukasema siku likikutwa na mkaa wa magendo litataifishwa, na baba ataingia ndani kwa umri ule, na mama ataachwa na magoti yake. Ukaniomba nikuletee ukweli hata kama unauma. Haya, ninao. Ila nitaanzia mwanzo, maana na mimi nilimshuku baba kabla yako, na nilimshuku vizuri.

Unanijua nilivyo. Sukari ikipungua kwenye kopo nahesabu wageni. Na kazi hii ya umeme wa magari imenizidishia, kwa sababu waya hausemi uongo lakini mwenye gari anasema. Mtu anakuambia betri imekufa yenyewe tu, ukifunua unakuta kachomeka spika za harusi nzima.

Baba alikuja dukani kwangu na Hussen, yule jirani yetu mwenye pikapu nyeupe ambaye shamba lake limepakana na letu. Walitaka niwafungie redio za upepo, kila mmoja kwenye gari lake. Hilo halikunishtua. Kikundi chao cha wakulima wa mananasi kina kibali cha masafa, na wengi wao nimewafungia mimi, kwa sababu ukishapita Mzenga simu hazishiki kwenye mabonde. Redio kubwa ya kikundi iko hapa dukani, na mimi ndiye ninayewaambia soko limeamkaje. Kilichonishtua ni masharti ya baba.

Redio ya gari tunaifunga kwenye dashibodi, dereva aione na mkono uifikie. Baba alitaka spika ikae juu kabisa, karibu na sikio. Nilipomwonyesha kioo kidogo kinachoandika namba ya chaneli, hakukitazama hata mara moja. Kikundi kinatumia chaneli ya kwanza. Yeye akataka ya pili, iwe yake na Hussen tu. Nikamuuliza kwa nini, akasema wakulima wenzake wana domo. Kisha akaniomba nigundishe kipande cha mpira kwenye kitufe cha kubadilishia chaneli, ili kidole kikijue bila jicho. Kaka, hapo ndipo roho yangu ilipoingiwa na mdudu. Mtu anayetafuta kitufe bila kukitazama anafanya kazi gizani, na biashara ya gizani katika misitu ya Kisarawe haihitaji kuelezwa.

Hata hivyo kazi niliifanya kama inavyotakiwa. Waya niliuvuta moja kwa moja kutoka kwenye betri na kuuwekea fyuzi karibu na nguzo yake, nikaupitisha kwenye mpira ili bati lisiukate, nikakwangua rangi ya paa mpaka chuma kikaonekana ili antena ipate ethi nzuri, yaani iguse bodi ya gari sawasawa. Nikawafundisha wote wawili: bonyeza, ngoja kidogo, sema, achia. Usipoachia humsikii mwenzako. Baba akacheka, akasema tangu azaliwe hajawahi kumngoja mtu amalize kusema, sasa uzeeni ndiyo anatiwa adabu na mashine.

Jambo moja hakuliuliza na mimi sikulisema. Chaneli ya pili niliiweka mimi kwenye redio zao, kwa hiyo redio ya dukani nayo ilikuwa nayo. Usinilaumu kwa kusikiliza, wewe mwenyewe ulikuja kunituma baadaye.

Nilichokisikia kilinikosesha raha. Hussen alikuwa anatangulia na pikapu, baba nyuma yake na Fuso, na Hussen hanyamazi. Anamwambia geti limefunguliwa. Anamwambia kuna watu watatu kushoto. Anamwambia asubiri kwanza, sasa aje, njia nyeupe. Baba anajibu neno moja tu, kwamba amepata. Nikasema basi, ndiyo yale yale niliyoyashuku. Hussen ndiye jicho, anachungulia watu wa maliasili, na baba yuko nyuma na mzigo.

Fuso likishafika sokoni nilikuwa najifanya nimekuja kuwasalimia. Wakienda kunywa chai napanda nyuma, natafuta vumbi la mkaa kwenye pembe za bodi. Sikuwahi kuona hata chembe. Nilikuta majani ya mananasi, na siku moja kandambili ya mtu. Unadhani nilifurahi? Nilizidi kushuku. Nilijiambia mwenye hatia ndiye anayefagia.

Nikamgeukia mama. Unakumbuka alivyokuwa hapendi safari, hata kuja Kibaha kwenye harusi tulikuwa tunambembeleza. Lakini mwaka jana wote alikuwa anapanda Fuso na baba kila linapotoka, anakaa upande wa kushoto na mtandio wake, anashuka sokoni amechoka hoi. Magoti yalipomshinda akabaki nyumbani, na haikupita muda baba akaja kutaka redio. Nilimpigia nikamuuliza anajua nini. Akasema hajui lolote, kisha akaniuliza kama redio inasikika vizuri. Mama hata tochi hajui kubadilisha betri. Tangu lini akajali redio? Nikajua na yeye yumo.

Sasa kitu kimoja kikawa kinanikatalia kuingia kwenye hesabu yangu. Hussen alikuwa anataja na mbuzi. Mbuzi kulia, mzee. Baiskeli kushoto. Mtoto na ndoo, kushoto. Tuta. Nikajiuliza, mwenye magendo ana shida gani na mtoto mwenye ndoo? Ningetulia hapo nikafikiri, ningelipata jibu mwenyewe. Lakini ukishamshuku mtu, hata kinachomtetea unakigeuza kiwe ushahidi. Nikasema hizo ni mbinu za kuwapoteza wanaosikiliza.

Jumatatu iliyopita asubuhi nilikuwa nauza fyuzi kwa kijana wa bodaboda. Redio ilikuwa chaneli ya pili, sauti chini. Nikamsikia baba anamwita Hussen. Akaita tena. Hussen kimya. Baadaye ndiyo nikajua kwamba Hussen alipeleka gari lake kwa fundi mwingine akawekewa muziki, na huyo bwana akaunga muziki kwenye waya wangu wa redio, fyuzi ikakatika njiani bila Hussen kujua. Wakati ule sikujua hivyo. Nilisogeza kiti nikaongeza sauti, maana nilidhani leo wamekamatwa.

Kisha baba akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

“Hussen, nimegonga nini?”

Akaachia kitufe, akangoja kama nilivyomfundisha, akabonyeza tena.

“Hussen, niambie basi. Nimegonga nini?”

Dereva mwenye kazi yake, asubuhi ya jua kali, anamuuliza mtu mwingine amegonga nini. Nilichukua maikrofoni nikamwambia baba, ni Naila. Alipojibu alisema nitoke kwenye chaneli hiyo, haikuwa yangu. Alisema kwa ukali, lakini nilisikia anavyohema. Nikamwambia azime gari, avute breki, awashe taa za hatari, asishuke wala asirudi nyuma, nakuja. Nikamwachia duka yule yule kijana wa fyuzi, nikaazima Noah ya jirani, na njia nzima nilikuwa nasoma dua zote ninazozijua, na nyingine nazichanganya.

Nilimkuta upande wa huku wa Mzenga. Ilikuwa baiskeli, imebeba magunia mawili ya mkaa. Mwenyewe anaitwa Amiri, aliruka majanini kabla haijalaliwa na tairi, akachubuka kiwiko tu. Alhamdulillahi. Mkaa ulikuwa umemwagika chini ya Fuso letu, huku mkaa huo nimeutafuta miezi kwenye bodi. Amiri alikuwa anafoka, na alikuwa na haki. Baiskeli tumeshamnunulia nyingine, na Hussen aliporudi kumtafuta baba alimbeba Amiri hadi zahanati.

Nilisimama mlangoni kwa baba, upande wa dirisha lake, karibu hata ningeweza kumgusa bega. Hakugeuka. Alikuwa ameikamata maikrofoni anatazama mbele. Sikuwa nimejificha, kaka, nilikuwa nimesimama pale na kitenge changu chekundu. Mpaka nilipomwita ndipo aligeuza kichwa chote, akanitafuta, akanipata. Hapo nikaelewa spika, nikaelewa kipande cha mpira, nikamwelewa mama na mtandio wake kwenye kiti cha kushoto. Nililia mbele ya watu bila aibu.

Baba hana magendo, Latifu. Baba haoni pembeni.

Anasema mbele anaona, tena vizuri, lakini kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kinachotokea kushoto au kulia hakipo mpaka kiwe mbele yake. Alimwambia mama, na mama akawa macho yake mwaka mzima. Magoti yalipomzuia, Hussen akajitolea. Sisi tulifichwa kwa sababu alijua tutamnyang'anya ufunguo, na alisema mwanamume akishanyang'anywa ufunguo na watoto wake anabaki kuulizwa kama amekula. Nilimkasirikia, nikamwambia angemuua Amiri. Akasema ameshajiambia hivyo yeye mwenyewe, mara nyingi kuliko nitakavyoweza mimi. Ufunguo aliutoa mfukoni akanipa bila kuombwa. Fuso niliendesha mimi mpaka Kibaha, na yeye akakaa kushoto, mahali pa mama.

Kesho yake nilimpeleka hospitali. Wamepima, wamesema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kutunzwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Anaipokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Mama ndiye anayeitia, na anamgombeza akipepesa.

Sasa kaka, haya ndiyo yaliyonifanya nikatae simu. Daktari aliuliza kuhusu ukoo. Baba akakumbuka babu Mwinjuma, alivyokuwa anajigonga kwenye milango na sisi tunamcheka, watu wakisema ni uzee. Daktari akasema ugonjwa huu unapita kwenye damu, hauumi, hauwashi, na mwenyewe ndiye wa mwisho kujua, kwa hiyo watoto wote wa mzee wapimwe. Nilipimwa siku ile ile. Mimi niko salama kwa sasa, nimeambiwa nirudi kila mwaka. Mtoto mwingine wa baba ni wewe, na wewe unavuta tela mpaka Tunduma, na barabara ile ina watoto wa shule pande zote mbili.

Ulinituma nimchunguze baba. Nimemchunguza, na uchunguzi umerudi kwako. Nakushuku si kwa ubaya, bali kwa sababu nakupenda na kwa sababu nimejifunza ninavyoweza kukosea.

Barua hii nimemsomea baba yote, tangu salamu, kwa sababu herufi zinamchosha. Nilidhani atanikataza kuituma. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba niongeze neno lake, niliandike kama anavyolisema. Nami naliandika:

“Latifu mwanangu, hakuna siku niliyoona giza. Mimi nilianza kwa kuwalaumu watu. Nilisema watu wa siku hizi wana haraka, bodaboda hawana adabu, mbuzi wa siku hizi wanaruka tu. Kila mtu alikuwa ananitokea ghafla. Nijibu kwa kweli, kama ulivyotaka ujibiwe. Siku hizi na wewe wanakutokea ghafla?”

Mama anakusalimu sana, anasema wifi asisahau kumletea ubuyu. Hussen anakusalimu kwa aibu. Wape watoto mapenzi ya shangazi yao. Jibu lako usinipe mimi, mpe baba. Yuko kwangu Kwa Mathias, yeye na mama, mpaka uje, na simu nimemwekea mkononi.

Mdogo wako akupendaye,
Naila Kibwana