Kifo cha Samaki Taa wa Bwana Meneja

KITUO CHA POLISI, KOROGWE
Maelezo ya shahidi, Jumapili, tarehe 14 Septemba 1952

Naitwa Serafina Semboja, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, Mkristo, dobi katika nyumba ya meneja wa shamba la mkonge. Naishi kambi ya wafanyakazi. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe, kwa sababu Mdoe mtunza bustani amefungwa kwa kosa ambalo hakulifanya, na wenzangu wote wameufyata.

Bwana meneja alikuwa na samaki taa, yule bapa kama chapati mwenye mwiba mkiani. Alimleta kwa treni kutoka Tanga, akamweka barazani katika tangi la kioo. Maji ya mtoni hayamfai, kwa hiyo kila wiki yaliletwa maji ya bahari kwa mapipa. Mdoe ndiye aliyemlisha na kumbadilishia maji. Nilikuwa namcheka: wenzake wanafuga mbuzi, yeye anamfugia Mzungu kitoweo. Lakini samaki akimwona Mdoe alipanda juu akunwe mgongo.

Mnamo tarehe 12, Ijumaa asubuhi, nikianika mashuka, Mdoe alimlisha mbele yangu. Samaki alikula vizuri. Kisha Mdoe akafungua pipa jipya, akabadilisha maji. Sijamaliza kuanika, nikasikia maji yanapigwa. Tulimkuta samaki anajigonga kwenye kioo, tumbo limetoka madoa mekundu. Mdoe alitia mikono yote miwili, akawa anamwambia, "Una nini wewe? Una nini?" Samaki akafia mikononi mwake.

Bwana hakuuliza. Alisema, "Umemtilia sumu." Mdoe aliwahi kusema jikoni kwamba kumweka samaki wa bahari ndani ya nyumba ni kujitafutia balaa, na neno hilo ndilo lililomfunga. Nilikasirika, na hata sasa nina hasira.

Leo baada ya misa nilipita barazani. Pale pipa liliposimama palikuwa na magamba ya chokaa. Niligeuza moja, chini yake nikaona rangi nyekundu. Shambani kwetu pipa lenye mstari mwekundu ni la dawa ya josho, ile ya kuua kupe wa ng'ombe. Hata asiyejua kusoma analijua. Lakini mwezi uliopita walitarajiwa wageni wa serikali, Bibi, mke wa bwana meneja, akaagiza mapipa yote yapakwe chokaa yapendeze. Yakapendeza kweli, la dawa na la maji yakawa ndugu. Waliopeleka mapipa Tanga wakalichukua hilo na kulijaza maji ya bahari. Aliyemuua samaki ni pipa, si Mdoe. Gamba lenyewe nimeliweka mezani hapo.

Koplo Isaka ameniuliza pipa liko wapi sasa. Nimemjibu kwamba kwa desturi ya kambini, pipa tupu likitoka nyumba kubwa hupewa mwenye shughuli. Safari hii shughuli iko kwa Mdoe. Mkewe, Shida, amewaita watu wamsomee mumewe dua atoke. Ijumaa jioni alilibiringisha pipa hadi kwake. Alilisuuza tu, maana alijua lilikuwa na maji ya chumvi. Jana alivundika humo togwa ya kunywewa na watu wote. Unga wa mtama nilitoa mimi.

Ee Mungu wangu. Nilikuja hapa na hasira zangu, pipa sikulifikiria kabisa. Dua ni baada ya alasiri, na adhana nimeisikia nikiwa kwenye benchi hili. Weka kalamu, mwanangu. Niliyoyaeleza ndiyo niliyoyaona, mengine nitasema nikirudi.

MAELEZO YA ASKARI
Shahidi hakusubiri kusomewa wala kuweka dole gumba. Ametoka mbio, viatu vyake vimebaki chini ya benchi. Nimemtuma askari kwa baiskeli. Mtuhumiwa Mdoe amesikia yote kutoka mahabusu, nami nimemfungulia kwa amri yangu mwenyewe, kwa kuwa anajua njia ya mkato. Akitoka amesema neno moja tu, kwamba kwao watoto ndio hupakuliwa kwanza.

Koplo Isaka